Mara Saba Juu ya Miguu ya Mapendo

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ndagala, wale dagaa wa ziwani, hazijaanikwa mchangani, Mapendo alilazwa kwenye mkeka na kurukwa mara saba.

Aliyemruka alikuwa dada yake, Domitille. Alisimama upande wa mlango, akakusanya kitenge hadi magotini, akavuka miguu ya mdogo wake kuelekea ukutani. Kisha alizunguka upande wa kichwani, akarudi mlangoni, akaanza upya. Kurudi kwa njia ya mkato, juu ya miguu, kulikuwa mwiko: mruko wa kutoka ungekula mruko wa kurudi, na kazi yote ingekuwa bure. Mama yao, Ernestine, alihesabu kwa sauti akiwa ameinamia makaa.

"Ine... tano... Domitille, inua muguu! Ukimugusa tunaanza upya."

"Nimeinua, mama."

"Sita. Zunguka kichwa, zunguka. Saba. Mungu asifiwe."

Hapo Mapendo aliinuliwa, akaegemezwa ukutani, na mama akaitupia miguu yake jicho la haraka, kama mtu anayefunua chungu kabla hakijachemka.

Kama ulikulia pwani ile ya ziwa, pengine nawe ulikaripiwa: usimruke mwenzio, hatakua. Ukishamruka, rudi ulikopita, basi, yameisha. Domitille hakurudi. Alikuwa na miaka sita, na Mapendo alikuwa wa miezi minane, kitoto kisichokaa bado, kimelazwa mkekani na miguu imekakamaa. Nje watoto wakapiga kelele kwamba kiboko ametoka ziwani, yuko ndani ya mihogo ya watu. Nani atakaa ndani na kiboko yuko nje? Domitille aliruka juu ya mdogo wake, akatokomea. Nyanya yao alipaza sauti, "Rudi! Rudi uruke!" Akarudi jua limekwisha kuzama, amemwona kiboko mpaka meno. Nyanya akatikisa kichwa. Jua limelala na ule mruko, alisema.

Mapendo alipofika miaka mitatu bila kusimama, Nyanya akaamuru mara saba kila Jumamosi. Baadaye baba yao alikufa kwa homa, Nyanya naye akafa kwa uzee. Jumamosi hazikufa.

Sasa Mapendo alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na mwili wake ulikuwa wa mtoto wa miaka minane au tisa. Magoti yalikunjika na hayakunyooka. Mgongo ulilalia upande mmoja. Mkono wa kulia ulijikunja kifuani kama unaficha kitu, na maneno yalimtoka polepole, moja moja, kama wavu unaovutwa na mtu mmoja. Aliyemvumilia mpaka mwisho wa sentensi alikuta samaki ndani. Wengi hawakumvumilia. Alivalishwa magauni yenye vipepeo kutoka kwenye mitumba ya watoto. Kanisani alikalishwa mkekani na watoto wa shule ya Jumapili, ambako majibu yote aliyajua tangu zamani na walimu walikuwa wamebadilika mara nne.

"Haka katoto kako darasa la ngapi?" mnunuzi mmoja wa ndagala alimuuliza mama siku moja.

"La... wazee," Mapendo akajibu mwenyewe.

Mnunuzi alicheka sana, akampa biskuti. Mapendo aliipokea. Ungefanya nini? Aliila nusu saa nzima, kwa sababu kila kitu alikila hivyo, koo likigoma na ulimi ukisukuma nje kile alichotaka kumeza.

Mtu aliyekuwa miguu yake alikuwa Domitille. Domitille alimbeba mgongoni kwenda chooni, kwenda kanisani, kwenda ufukweni kuangalia mitumbwi ikirudi. Alimgeuza jua lilipomfikia. Alimfukuzia nzi. Na Domitille alikuwa na miaka ishirini na saba, umri ambao pale mtaani watu huanza kusema kwa sauti ya chini.

Si kwamba hakupata mchumba. Wawili walikuja, mama akawarudisha. Wa tatu, Sylvestre, mkulima wa mpunga kutoka Sange, alikataa kurudishwa. Alikuja na mjomba wake mara mbili, akaketi, akanywa soda, akangoja. Mama akamwambia lile lile alilowaambia wengine.

"Huyu binti alimufunga mudogo wake. Mwenye kufunga hawezi kutoka nyumbani mbele ya kumufungua yule alimufunga. Siku Mapendo ataongezeka, kuya umuchukue."

"Mama, na kama haongezeki?" Sylvestre aliuliza.

"Weye ni Mungu?"

Domitille alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Mapendo aliuona uso wake, na akaona kwamba dada yake aliamini. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Aliamini kwamba mguu wake wa miaka sita ndio uliozima maisha ya mtu. Watu wa Sange wakaaga kwa heshima: wangekuja mara moja tu tena, mwisho wa mwezi uliofuata.

Katikati ya ule mwezi, kituo cha afya kilimpata kiné mgeni, yaani mganga wa viungo, jina lake Ildephonse, kijana mrefu mwenye viatu vilivyochoka. Domitille alimbeba Mapendo mpaka kule, akamlaza kitandani, kisha akatoka kwenda kupanga foleni ya fishi, kadi ya mgonjwa.

"Tuone, mutoto muzuri," alisema Ildephonse, akichukua futi ya washonaji. "Uko na miaka ngapi?"

"Makumi... mbili... na moja."

Ildephonse alisimama na futi mkononi. Akasogeza kiti, akaketi ili macho yao yawe sawa.

"Unisamehe, mademoiselle. Minye nilikuwa nakuita mutoto."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo, kama binti mzima. Mapendo aliangalia darini ili asicheke, kisha akacheka.

Ildephonse hakumpima kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mama alivyofanya ukutani kwa makaa kila mwaka mpya. Alipima mkono, kisha mfupa wa mguu kutoka goti mpaka kisigino, akaandika, akapiga hesabu.

"Ungenyooka, ungefika karibu metre moja na makumi tatu," akasema. "Watu wanaona kama metre moja na kumi. Kuna centimètre makumi mbili zimejificha mu magoti na mu mugongo."

Mapendo aliyatazama magoti yake kana kwamba yalikuwa yamemwibia.

"Na... zingine?"

Akamweleza, na hakumpunguzia. Ubongo wake uliumia mapema, pengine siku ya kuzaliwa. Ubongo ndio unaoituma misuli. Ukiumia, misuli inakaza bila kupumzika, na mfupa usiobeba uzito, usiotembea, usiovutwa sawasawa, haurefuki kama mingine. Tena wakati mwingine ubongo ulioumia hautumi vizuri hata ile amri ya mwili kukua. Si kwa wote, alisema. Wengine wenye ugonjwa huo ni warefu kumshinda yeye Ildephonse. Kisha akauliza jambo ambalo Mapendo hakulitegemea.

"Unakulia mu sahani gani?"

"Ya... kidogo. Ya mutoto."

"Na unamalizaka?"

Mara nyingi hakumaliza. Bugali ulipoa, koo lilichoka, mama akasema mtoto ameshiba.

"Unaona," Ildephonse alisema. "Chakula kilikuwa kinapotea njiani. Mwili ukikosa chakula miaka yote, unajengwa na nini? Na bakikuona mudogo, banakupa kidogo. Ni muduara."

Mapendo alivuta swali lake kutoka mbali. Jasho lilimtoka.

"Yaya... Domitille... aliniruka. Ni... ile?"

Kiné hakucheka. Kwao Kamanyola nao walikatazwa kurukana, alisema, na mama yake mwenyewe alimrudisha mara nyingi.

"Lakini hapana. Hakuna muguu wa mutoto ulishafanya hivi. Uliza mama kama ulilia wakati ulizaliwa."

"Nita... kua?"

Ildephonse aliikunja futi, akaikunja tena.

"Hapana. Mifupa ya mutu mukubwa imekwisha kufunga. Tunaweza kukunenepesha kidogo, kunyoosha magoti kidogo. Nitakuandika kwa orodha ya kiti cha magurudumu, lakini orodha ni ndefu. Kukua, hapana."

Domitille akaingia na fishi. "Amesema nini?" aliuliza njiani, Mapendo akiwa mgongoni, kidevu begani kwake.

"Nikule... mingi," Mapendo akajibu.

Hiyo ilikuwa kweli. Ile kweli nyingine alibaki nayo. Ndiyo, alikuwa na ufunguo wa kumfungulia dada yake, lakini mlango ulikuwa mmoja kwa wote wawili. Domitille akitoka, nani atambeba? Mama alikuwa na kiuno kibovu, hata beseni la ndagala alilipandisha kichwani kwa kusaidiwa. Mapendo aliona mchana mrefu ukutani, haja ikimbana na mama yuko ufukweni, jua likipanda kutoka vidoleni mpaka usoni bila mtu wa kumgeuza. Akawa anajiambia kwamba atasema kesho. Jumamosi ya kwanza alirukwa mara saba, akanyamaza. Ya pili pia. Siku hiyo Domitille alimletea samaki aliyeondolewa miiba yote, akamlisha saa nzima bila kuguna, na Mapendo alimeza kila tonge kama aliyeiba.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyotangulia siku ya watu wa Sange. Mkeka ukatandikwa. Domitille alikuwa na macho mekundu. Mruko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne kisigino chake kikagusa goti la Mapendo.

"Umemugusa!" mama akapaza sauti. "Anza upya."

Domitille akarudi mlangoni. Akafika wa tano, akagusa tena.

"Sasa weye unafanya makusudi? Kesho bageni banakuya, unataka niwaambie nini? Anza upya!"

Domitille akakusanya kitenge.

"Basi," alisema Mapendo.

"Weye nyamaza, mutoto."

"Minye... si mutoto. Yaya, acha. Sitakua. Kiné alisema. Mifupa... imefunga. Na si... weye."

Ilimchukua muda mrefu kuyamaliza, na safari hii wote wawili walimngoja. Chungu kilifoka juu ya makaa. Mama aliweka chini upawa.

"Yule kiné ni wa juzi. Anajua nini?"

"Mama. Nililia? Ile siku... nilizaliwa?"

Ernestine alikaa kwenye ukingo wa mkeka, mahali ambapo miaka yote hakuna aliyekanyaga.

"Uchungu ulinishika asubuhi," akasema, akiitazama mikono yake. "Ndagala zilikuwa mu muchanga, nyingi, na mvua ilikuwa inakuya kule juu Bijombo. Nikasema nimalize kuokota. Nikaokota mpaka mchana. Kufika maternité ilikuwa mangaribi, na nguvu zilikuwa zimeisha. Ulitoka wa buluu. Haukulia. Mama muzalishaji alikupiga, akakupulizia, alikupulizia sana. Akaniambia, huyu amechelewa kulia, utaona mambo yake." Akajifuta pua kwa kitenge. "Kisha Domitille akaruka. Nyanya yenu akasema ni ile. Nikasema ndiyo, ni ile."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Domitille alikuwa bado amesimama mlangoni, kitenge kimekusanywa magotini, mguu mmoja mbele.

"Nilikuwa na miaka sita, mama," alisema.

Aliachia kitenge, kikaanguka mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Watu wa Sange walipokelewa kesho yake. Mama aliwapa soda, hakutaja miguu ya mtu, na posa ikakubaliwa. Siku ya kuagana, Domitille alimbeba Mapendo kwa mara ya mwisho mpaka ufukweni na kurudi, akamketisha ukutani, akaweka mito miwili, akaitoa, akaiweka tena.

"Nitakuya kila mwezi. Ukiniambia bakiya, nabakia."

Mapendo alikuwa na neno hilo mdomoni. Lilikuwa fupi, hata yeye angelitoa mara moja.

"Enda," akasema. "Uniletee... mpunga. Nikule mingi."

Walicheka wote wawili, wakalia, gari likapiga honi.

Jumamosi iliyofuata mama aliutandika mkeka kwa mazoea. Alipomaliza alisimama akiuangalia, mkono kiunoni.

"Mama, leo hapana."

"Ni kweli." Lakini alimsogeza na kumlaza pale pale, kwa kuwa kumwinua mpaka ukutani hakuweza. Akamwekea pembeni sahani kubwa, ya watu wazima, yenye bugali na kijiko, akajitwika beseni kwa kupiga magoti, akaenda zake ziwani.

Mapendo alibaki. Bugali ulipoa, kijiko kilikuwa upande wa mkono usiofunguka. Orodha ya kiti ilikuwa ndefu. Jua likaingia mlangoni, likafika kwenye vidole vyake, likaanza kupanda taratibu kama lilivyotaka. Kuku wa jirani akaingia, akadonoa kwenye sahani, akainua kichwa, kisha akavuka juu ya miguu yake yote miwili na kutoka nje.

"We!" Mapendo akamwita. "Rudi... uruke!"

Kuku hakurudi. Mapendo alicheka mpaka koo likamkamata, akakohoa, akatulia. Jua lilikuwa limefika magotini, na saa sita bado.