Mutheu, Binti wa Mchochea Makaa

Mutheu hakumjua baba yake. Wakati wa vita vya Hitler, Muthoka aliondoka Mwala kwenda kutafuta kazi bandarini Mombasa, akaishia kuchochea makaa kwenye meli ya mizigo. Mutheu alikuwa bado tumboni habari ilipofika kwamba meli ile imepigwa na nyambizi ya Wajapani, ikazama.

Aliyeileta habari ni Ndunda, jirani yao, aliyekuwa kwenye meli hiyo hiyo. Syokau, mama yake Mutheu, hakumwamini.

"Mbona wewe umerudi?" alimuuliza, na hakumsemesha tena maisha yake yote. Hakuomboleza, hakuolewa. Mutheu akakulia katika boma ambalo mwenyewe hakuwa hai wala hakuwa amekufa.

Alipokaribia kuolewa, alienda kwa Ndunda bila mama yake kujua.

"Baba yako alikuwa chini, kwa makaa," Ndunda alimwambia. "Lakini alipanda. Nilimwona. Aliruka majini kama sisi wengine."

"Halafu?"

"Hakujua kuogelea. Nilimwita, sikumfikia."

Mutheu aliishi na maneno hayo. Alilima mbaazi na ndengu, akalea watoto, akamzika mama yake ambaye hadi mwisho alikuwa akimngoja mumewe.

Mwaka jana mwanawe, Wathome, alimletea binti yake, Kalunde. Msichana alikuwa amepata kazi ya upishi kwenye meli ya mizigo, na baba yake alitaka akatazwe.

"Mama, wewe mwambie," Wathome alisema. "Huko baharini meli zinapigwa mpaka leo."

Mutheu alimtazama msichana. "Unajua kuogelea?"

"Hapana, Susu," Kalunde alimjibu bibi yake kwa Kikamba. "Wametufundisha kidogo tu."

"Kidogo haitoshi. Jifunze, ndipo uje uniage."

Wathome aliondoka amekasirika. Kalunde akaanza kwenda kwenye bwawa la hoteli moja mjini Machakos, na Mutheu, na miaka yake themanini na ushei, akasisitiza kuandamana naye. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, leso mabegani, soda ikipata joto mkononi. Kichwa cha Kalunde kikizama, alisimama. Kikiibuka, alikaa.

Siku Kalunde alipovuka upande wa kina na kurudi bila kushika ukingo, mwalimu alipiga makofi.

"Rudia," Mutheu alisema.

Alirudia. Ndipo Mutheu akavua viatu, akaomba ashikwe mkono, akaketi ukingoni na kutumbukiza miguu. Machozi yalimtoka polepole.

"Unaogopa, Susu?"

"Hapana. Namuwaza alivyokuwa akitafuta mahali pa kukanyaga."

Jumapili iliyofuata alimwomba padri amtaje Muthoka kwenye misa pamoja na marehemu wengine. Mama yake asingekubali. Jina liliposomwa, Wathome, aliyekuwa kando yake, alimshika mkono.

Kalunde aliondoka mwezi wa pili. Meli ikitia nanga mahali hupiga simu, na Mutheu humuuliza amepika nini.