Chui wa Sabuni

Enzi za Zaire, katika soko la Kasuku, mama mmoja alikuwa akipika sabuni ya mawese, anaitia mchaichai ili inukie, kisha anaichonga umbo la chui na kumpaka madoa ya mkaa. Nilikuwa nachagua yangu alipofika mkubwa wa chama. Akainua moja kwa vidole viwili.

“Mama, chui njo alama ya taifa. Watu wanamusugua wapi?”

Wateja tukatazama chini. Mama akafuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni.

“Huyu njo paka, sitwayeni,” akajibu, akimwita ‘raia’ kama chama kilivyoagiza.

“Paka wa madoa?”

“Hajaoga bado.”

Mkubwa akatia wawili mfukoni, eti kwa uchunguzi. Kesho yake asubuhi, akituimbisha nyimbo za chama, aliinua mkono juu, na mchaichai ukatufikia hadi safu ya nyuma. Kumbe uchunguzi ulikuwa umeanzia kwapani.