Kabari ya Mzee Nzioka

Mwanangu, iko siku moja ya Desemba naikumbuka hata nisipotaka. Nikishika bisibisi, naikumbuka. Nikisikia kiyoyozi kinanguruma dirishani mwa mtu, naikumbuka. Wenzangu wa rika wakikaa kusimulia ujana wao hucheka mpaka machozi. Mimi nikifika hapo hunyamaza, nikaomba chai iongezwe. Leo sitanyamaza. Kaa, na hiyo simu itie mfukoni, haikimbii.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilitoka kwetu Mombasa na cheti changu cha umeme kimekunjwa vizuri ndani ya bahasha. Kiburi changu sikukikunja. Nairobi nilipokewa na Mzee Nzioka, fundi wa majokofu na viyoyozi aliyekuwa na kichumba chake cha kazi River Road, juu ya duka la misumari na rangi. Alikuwa Mkamba wa Kitui, mtu wa kanisa, mrefu, maneno yake ya kuhesabu. Cheti hakuwa nacho hata kimoja. Alichokuwa nacho ni jina. Ungesimama pale barabarani ukauliza nani anajua viyoyozi, muuza misumari angekuonyesha kwake, mpiga chapa angekuonyesha kwake, hata mwenye gesti. Matajiri wa mtaa wa Karen walikuwa wakimwachia funguo za nyumba zao wakasafiri. Likumbuke hilo la jina, maana ndilo ninalolilia mpaka leo.

Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Vijana waliokuwa ngazini wakaangua kicheko, si unajua Nairobi shikamoo ni kitu cha redioni? Yeye hakucheka.

"Marahaba, kijana wa pwani," akasema. "Umekula?"

Ndivyo alivyoniajiri. Barua sikuandikiwa, mtihani sikupewa, nilipewa sahani ya githeri.

Na kazi alinifundisha. Chomoa waya ukutani kabla hujagusa chochote. Toa chujio, lioshe kwa maji na sabuni, lianike kivulini. Zile mbavu nyembamba za bati zilizo nyuma usizisugue kwa hasira, zipitishie brashi taratibu kama unamchana mtoto nywele. Litafute tundu la kutolea maji, uhakikishe halijaziba. Haya yote ninayowaambia nyinyi mnaokuja kujifunza kwangu hapa Mutuini, pembeni mwa Nairobi, mkadhani ni yangu, ni yake.

Basi alikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa. Akifunga kiyoyozi dirishani, alikuwa akichonga kabari ndogo ya mti wa mukau, mti wa kwao Kitui usioliwa na mchwa, akaipachika chini ya mdomo wa mashine upande wa ndani. Mashine ikainama kidogo kuelekea nje, kiasi cha nusu kidole. Kisha aliipigapiga mgongoni akasema, "Haya, lala hapo." Kila mashine, kila dirisha, miaka nenda miaka rudi.

Sikumuuliza sababu. Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini mimi niliyekuwa na cheti ningemuulizaje asiye nacho? Chuoni tulifundishwa kwamba kitu kikifungwa kifungwe sawasawa. Nikajiambia, mzee wa watu, macho yamechoka. Nikawa namhurumia. Unaona ujinga ulivyo? Haukai peke yake, unakaribisha na huruma.

Sasa siku yenyewe, Jumamosi. Tuliitwa na Bwana Gitau, mpiga chapa aliyekuwa jengo la pili kutoka kwetu, chumba cha juu kabisa chini ya mabati. Desemba chumba kile kilikuwa tanuri. Karatasi zilijikunja, wino ukawa unamsumbua, naye akanunua kiyoyozi cha dirisha cha mtumba. Tulikibeba ngazi zote zile, tukakata fremu, tukafunga mabano ya chuma nje, tukakisukuma mahali pake. Mzee akachonga kabari yake, akaipachika. "Haya, lala hapo." Kisha akaitwa Karen kwa kazi ya haraka. Akaniachia mkoba wake wa vifaa, nizibe nyufa kwa sponji, nikaze skrubu, nifagie. Bwana Gitau alikuwa ameshuka kula.

Ndipo akapanda Kyalo, rafiki yangu niliyesoma naye chuo. Alikuwa akipita tu, kuja kunijulia hali.

"Niaje, Salim!" Akainamisha kichwa upande, akaitazama mashine. "Hii kitu yenu imelewa, ama ni macho yangu?"

"Imelewaje?"

"Si unaona vile imelala? Kwani mzee wako hana pima maji?"

Mwanangu, kijana anaweza kuvumilia njaa, lakini kuchekwa na rika lake hawezi. Ningesema, "Sijui kwa nini, nitamuuliza." Maneno manne tu! Sikuyasema. Nilicheka pamoja naye. Nikasema, na Mungu anisamehe, "Achana na yule, mshamba tu, anakisiakisia." Nikatoa pima maji yangu mpya, nikaiweka juu ya mashine. Kiputo kikakimbilia pembeni, Kyalo akashika mbavu. Nikalegeza skrubu, nikaichomoa kabari, nikaitupa ndani ya mkoba wa mzee. Nikasawazisha mpaka kiputo kikatulia katikati kabisa, nikakaza.

"Sasa hiyo ndiyo kazi," Kyalo akasema, akanigonga bega. Nikashuka ngazi zile nimejaa upepo.

Hukuuliza lakini nitakwambia. Kiyoyozi kikivuta joto la chumba, hewa huacha maji juu ya zile mbavu za bati, na maji yale lazima yapate njia. Mashine ikiinama nje, yatadondoka nje, mwisho wa habari. Ukiinyoosha, yatakaa humo yakijiuliza pa kwenda, na yakijaa yatakuja ndani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hata mashine nayo ina siku yake ya kuinama. Mzee alilijua hilo kwa miaka ishirini ya kupanda ngazi za watu. Mimi nilikuwa na kiputo.

Jumamosi ile Bwana Gitau alifunga chumba akaiacha mashine ikifanya kazi, karatasi zisijikunje. Chini ya dirisha alikuwa amepanga kalenda za kanisa moja la Machakos, zimekwisha kupigwa chapa, zinangoja kuchukuliwa kabla ya Krismasi. Jumatatu asubuhi tukaitwa. Tulizikuta zimevimba, kurasa zimegandana, Januari haimwachi Machi. Ukutani maji yalikuwa yamechora njia yake mpaka sakafuni.

"Mzee, umezeeka!" Bwana Gitau akapiga kelele, na watu wa vyumba vyote wakatoka ukumbini kutazama. "Watu walinileta kwako kwa sababu ya jina. Jina lenyewe ndilo hili? Ungesema macho yameisha nitafute mtu mwingine!"

Mzee Nzioka akaenda dirishani, akatia mkono chini ya mdomo wa mashine, pale penye kabari. Akauacha mkono pale. Sijui ni muda gani, kwangu ilikuwa kama mwezi. Hakunitazama. Laiti angenitazama, pengine ningesema. Halafu akautoa mkono, akaufuta kwa kitambaa.

"Kazi ni yangu, Bwana Gitau," akasema. "Makosa ni yangu. Pole sana."

Nami nimesimama nyuma yake, mkoba wake begani mwangu, na kabari imo ndani ya mkoba. Mdomo wangu huu unaoujua wewe, usiokosa la kusema hata msibani, siku ile uliziba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Kweli tupu, ila guu lililovunjika siku ile halikuwa langu.

Tukashuka. Katikati ya ngazi akasimama, akageuka.

"Salim, una neno?"

"Sina, mzee."

"Haya," akasema, tukaendelea kushuka.

Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ya River Road ni hivyo hivyo. Kabla ya mwaka mpya, muuza misumari alikuwa akisema, "Mzee siku hizi mkono hautulii." Wa Karen mmoja akachukua funguo zake, akafuata wa pili. Na unajua walikwenda wapi? Walikuja kwangu! "Wewe si yule kijana aliyesoma?" Nikachukua kazi. Wallahi nilichukua. Nilijidanganya kwamba naishikilia tu mpaka mzee atakapopata nguvu, naye nguvu alikuwa nazo, kilichomwishia ni watu wa kumwita. Mwaka haukwisha akafunga kichumba, akahamia huku Mutuini kwenye kijishamba chake, akafuga kuku, akapanda sukuma wiki. Mikono iliyokuwa ikifungua mashine ikaiponya kwa kugusa tu, ikawa inashika jembe.

Kila Idi nilikuwa nikimletea pilau. Mama Mwende, mkewe, alikuwa akipenda sana ile pilau, ananitania kwamba Waswahili tutamfanya ahame kanisa. Tulikaa uani, mimi na mzee, tukazungumza mvua, siasa, na bei ya chakula cha kuku. Neno langu lilikuwa limekaa hapa, kooni, nikilisukuma haliendi, nikilimeza halishuki. Na kila nilipoinuka kuondoka alikuwa akinisindikiza mpaka kwenye ua wa michongoma, anashika mti wa lango, anauliza.

"Salim, una neno?"

"Sina, mzee. Ni salamu tu."

"Haya. Nenda salama."

Nilidhani ni desturi yake ya kuagana. Miaka tisa, mwanangu. Mara nyingine nilifika barabarani nikasimama, nikataka kurudi. Pikipiki ikinikuta nimesimama, napanda.

Alifariki kwa kifua, wakati wa baridi. Tulimzika Kitui, nami nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Watu walisimama wakamsifu kwa kanisa lake, kwa subira yake, kwa watoto aliowasomesha. Juu ya ufundi wake alisimama mtu mmoja, akasema kwamba marehemu alikuwa fundi hodari "mpaka uzee ulipomwingia mikononi." Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Hata pale sikusimama. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, nami nilidhani kifo kinachoumbua ni cha mficha maradhi mwenyewe.

Wiki mbili baadaye nikaja huku kumjulia hali Mama Mwende. Alinipa chai. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akarudi na mkebe wa majani chai, akauweka magotini mwangu.

"Fungua," akasema.

Ilikuwa ile kabari. Ndogo hivi, imechongwa kwa kisu, upande mmoja mashine imeiachia alama.

"Aliikuta mkobani Jumatatu ile ya kalenda, jioni," akasema. "Akaniita akanionyesha. Nikamwambia mkemee huyo mtoto, nenda naye kwa mpiga chapa ukasafishe jina lako. Akakataa. Akasema, 'Nikimwambia mimi, atakuwa ameshikwa. Akisema mwenyewe, atakuwa amepona. Mwache.'"

Sikuweza kumtazama.

"Kila ulipoondoka hapa, alikuwa akirudi uani anakaa, ananiambia, 'Leo alikaribia, Mama Mwende. Leo alikaribia sana.'"

Mwanangu, nililia mpaka kikombe kikanitoka mkononi. Kikavunjika, naye mwanamke yule akaokota vigae akaniletea kikombe kingine. Angenifukuza ningepata nafuu. Alinijazia chai.

Kesho yake asubuhi nilikwenda River Road kwa Bwana Gitau, nimeishika kabari mkononi kama mtu anayepeleka ushahidi. Nilipanda zile ngazi zote. Pale chumbani wanauza vifuniko vya simu. Nikauliza habari za mpiga chapa, binti mmoja akaniambia, "Hapa hakujawahi kuwa na mpiga chapa, babu." Babu! Na mimi wakati huo hata mvi sikuwa nazo za kutosha. Muuza misumari alikuwa ameuza duka akarudi kwao. Wa Karen nao, mmoja mmoja, niliwaambia. Wakaitikia kwa heshima, wakanionyesha kiyoyozi kinachopiga kelele jikoni. Jina la mtu nililivunja kwa dakika kumi, na nilipokuja kulitengeneza sikumkuta wa kumkabidhi.

Ndiyo maana nakwambia wewe. Ukimkuta mtu ameinamisha kitu nawe huoni sababu, usikinyooshe. Muulize. Kama hayupo, mngoje arudi. Rafiki akicheka kazi ya mwalimu wako mbele yako, usicheke naye. Mwambie tu hujui, kutojua hakujaua mtu. Na ukikosea, maana utakosea tu, liseme siku ileile, maji yakiwa bado sakafuni, aliyekosewa akiwa bado mbele yako. Neno la kukiri ukiliweka haliozi, mwanangu, linakomaa humo humo ndani likakutafuna. Usiseme kesho nitasema. Mimi nilikuwa na kesho za miaka tisa, na majuto yangu sasa ni mjukuu, nalala naye na kuamka naye.

Kabari hii hapa, ishike, ujue uzito wake. Nirudishie.

Mungu akupe macho ya kuona sababu ya mzee kabla ya kuona kasoro yake. Akupe mikono mizuri na ulimi mwepesi wa kusema nimekosa. Akujaalie mtu wa kukusubiri kama nilivyosubiriwa mimi, na akuepushe kumsubirisha mpaka kaburini. Nenda salama, uwasalimie nyumbani. Lakini kabla hujafika pale kwenye michongoma ya lango langu, nami nakuuliza kama nilivyokuwa nikiulizwa, nami, kama yeye, niko tayari kusikia.

Una neno?