Jina la Nkambo kwenye Bahasha

Siku ninayotaka kuwasimulia, wajukuu wangu, tulikuwa wanne kwenye kibaraza cha nyumba ya marehemu, pale Nchelenge, karibu na mchanga wa kuanikia samaki. Nilikuwako mimi. Alikuwako Chileshe, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyefika darasa la saba wakati mimi niliishia la pili. Alikuwako babu yetu Mwape, tuliyemwita Shikulu, mume wa marehemu. Na alikuwako Mama Feza, mchuuzi wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, aliyetuletea chumvi na vitenge na kurudi na magunia ya chisense, dagaa wetu wa kukausha. Kiswahili hiki ninachowaandikia ni yeye aliyenitia mdomoni. Marehemu mwenyewe ni Nkambo Mumba, yaani Bibi Mumba, mama wa mama yangu.

Nakumbuka miaka ile ya sabini kama vile nimetoka huko asubuhi. Ziwa Mweru lilikuwa linatulisha bila kutuuliza tuko wangapi. Ukiamka, harufu ya chisense imekwisha kuingia ndani kabla ya jua.

Kwetu, mwanangu, mutu akifa tunamchagua mmoja wa ukoo alibebe jina lake. Wanakuketisha kwenye mkeka, wanakunywesha maji, wanakufunga mushipi wa kitambaa kiunoni, na kuanzia hapo wewe ndiye yule. Walinichagua mimi, msichana wa miaka kumi na tisa. Kesho yake wazee wakanisalimu kwa kupiga makofi, na mama yangu mzazi akaniita mama. Bwalya na Kunda, yatima wawili waliolelewa na Nkambo, wakahamia mkeka wangu. Nikaachiwa pia cherehani yake ya kuzungusha kwa mkono, aliyoshonea nguo za shule za watoto mpaka wa kijiji cha Kafutuma. Ile cherehani ndiyo iliyokuwa chakula cha wale wawili.

Mwezi haujaisha, Chileshe akarudi kutoka shule na bahasha kubwa, maana barua zetu zilipita sanduku la shule. Juu yake limeandikwa jina la Nkambo. Ndani mna gazeti la mitindo ya nguo, lenye picha za rangi, magauni ambayo macho yangu hayajapata kuona. Hakuna mutu aliyeliomba. Lakini mimi nilifurahi, nikakata picha nikazibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Wanawake wa jirani walikuja kuangalia ukuta wangu mpaka nikawa nafagia kibaraza mara mbili kwa siku.

Likaja la pili, na ndani yake kadi ndogo. Chileshe akasoma mstari wa juu.

"Wanauliza, je, wewe ndiye Mumba? Kama ndiye, weka alama hapa."

"Na hayo ya chini, madogo kama sisimizi?"

"Aa, yaya," ndivyo alivyoniita mimi mkubwa wake, "hicho ni Kizungu kizito. Achana nacho."

Sasa niambieni, ningefanya nini? Mushipi bado ulikuwa mpya kiunoni. Kusema mimi siye Mumba kulikuwa kama kumzika mara ya pili, tena safari hii kwa mikono yangu. Nikachovya kidole gumba kwenye masizi, nikabandika. Kadi ilikuwa na stempu tayari, wameshailipia wenyewe, Chileshe akairudisha posta. Nikawaona watu wema.

Mara ya tatu haikuja picha hata moja. Ilikuja barua yenye wino mwekundu. Chileshe aliisoma yote. Ilisema Mumba amekubali kwa mkono wake kupokea gazeti mwaka mzima, pamoja na vitabu vya kukatia nguo, na asipolipa, watu wa sheria watakuja kuchukua mali ya nyumba.

Mali ya nyumba ilikuwa nini? Nikaigeukia cherehani.

Sikumwambia Shikulu. Niliogopa ataona jina limenishinda kabla hata nyasi hazijaota kaburini. Nikamtumia Mama Feza habari kwamba nauza, aje na mtumbwi wake. Na ndiyo siku hiyo ya kibaraza. Alikuja, akaizungusha cherehani mara moja, akaisikiliza, halafu akaketi juu ya gunia lake.

"Weye mutoto, unauzisha masini ya mufu juu ya nini?"

"Nina shida, Mama Feza."

"Shida gani? Niko nauliza. Miye siwezi kubeba masini ya kilio mu mtumbwi bila kujua, tutazama!"

Shikulu alikuwa anashona wavu pembeni, akacheka. Alidhani ni utani wa soko. Lakini Chileshe hakuweza kuvumilia, akaitoa barua kwenye daftari lake akaisoma upya, mbele ya wote. Shikulu akaacha wavu.

"Muke wangu," akaniambia, maana tangu nifungwe mushipi ndivyo alivyonitania, "huyu mutu wa barua, mu kilio alikuwako?"

"Hapana, Shikulu."

"Alikula bukari yetu, ule ugali wa kilio? Alikuona unanyweshwa maji?"

"Hapana."

"Basi anakujua wapi? Jina tulikupa sisi, kwa ajili ya sisi. Ubebe hawa watoto, unikaripie nikilewa. Hatukukupa uende kulijibia kwa kila mutu mwenye stempu."

"Kule kwetu zinajaa, hizi barua," akasema Mama Feza. "Dada yangu walimutumia vitabu vya kupika, yeye hata chungu hana! Alivirudisha. Hakuna aliyekuja."

Nikainamisha kichwa. Shikulu hakuniacha hapo. Akachukua fimbo yake na tukaenda posta, mimi mbele, yeye nyuma.

Karani, Ba Musonda, aliisoma barua, akaniuliza, "Mwenye jina hili yuko wapi?"

Nikamtazama Shikulu. Akageuka kuangalia ziwa. Nikajua hatanisaidia.

"Mumba amekufa," nikasema. "Tumemzika sisi wenyewe." Nililia pale mbele ya watu wa foleni, kilio ambacho siku ya mazishi nilikuwa sijakilia, maana siku ile walikuwa wananivisha jina lake.

Ba Musonda akaandika kwenye bahasha kwamba mwenyewe amefariki, irudi ilikotoka. Akasema, "Usichoagiza si deni lako, dada. Na aliyeulizwa jina tu hakununua kitu. Ikija nyingine, usiifungue. Niletee." Zilikuja mbili tena, nikampelekea. Halafu kimya. Hakuna mutu wa sheria aliyekanyaga Nchelenge.

Tukirudi, Shikulu akaniita kwa nyuma, "Mumba! Polepole, miguu yangu si ya jana!" Nikageuka nikaitika. Nilikuwa nimetoka kusema Mumba amekufa, na nikaitika, na hapakuwa na uongo mahali popote.

Basi, mwanangu, leo haziji bahasha, zinakuja simuni. Umechaguliwa, thibitisha jina lako, bonyeza hapa. Wanatafuta lile jambo ambalo huwezi kulikana bila aibu, iwe jina lako, iwe wema wako, halafu wanaliwekea maandishi madogo chini. Usibonyeze kwa aibu. Ambacho hukukiomba, hulazimiki kukijibu. Na ukiwa umeshabonyeza, kama mimi na kidole changu, usifiche ukaanza kuuza vitu vya nyumbani. Sema siku hiyohiyo, kwa mutu anayekujua.

Mungu awape macho ya kufika mwisho wa karatasi, na awape wa kuwauliza kabla hamjaweka alama. Wanaowaita majina yenu wawe wale waliolia nanyi na kula nanyi.

Nimeandika ninavyokumbuka. Chileshe, kama kadi ilikuja na gazeti la kwanza na si la pili, niambie. Na ninyi wa Kafutuma, mliotumia posta ile, kama karani wa miaka ile hakuwa Musonda bali ni mdogo wake, nirekebisheni, nisije nikamnyang'anya mutu wema wake.