Wiki Moja ya Kumvua Chatu Gamba

Gamba la chatu wangu lilikwama kwa makosa yangu, na makosa yenyewe niliyafanya kwa kujiamini kabisa. Kazi yangu ni kuwapaka hina maharusi hapa Malindi. Nimeirithi kwa mama, na nimesifiwa mikono kwa miaka mingi mpaka nikasahau kuuliza watu mambo nisiyoyajua.

Chatu nilipewa na bibi mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa jirani yetu. Alipoamua kurudi kwao kwa sababu ya magoti, aligawa kila kitu: sufuria, mapazia, hata paka. Chatu hakutakiwa na mtu. Alikuwa jike, urefu wake mita moja na nusu, mpole, nami nilikuwa nimemzoea. Nilipokwenda kumpaka yule bibi hina ya miguu, chatu alikuwa akija kujilaza mapajani mwangu kufuata joto. Nikasema nipeni mimi. Idara ya wanyamapori ikanikagua, ikanipa kibali cha mwaka mmoja, na mtaa mzima ukapata la kuzungumza. Wateja wangu wawili walihama. Mmoja alirudi baada ya mwezi, kwa sababu huko alikokwenda alipakwa maua yaliyofanana na madoa ya mchuzi.

Mama ninakaa naye, au tuseme yeye ndiye anayekaa nami kwa hisani, maana nyumba ni yake. Alitundika pazia zito kwenye mlango wa chumba cha chatu, na kila alipopita hapo alisoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya kusikika. Jina alilompa chatu ni "mgeni wako".

"Mgeni wako aondoka lini?" aliniuliza kila Ijumaa, tukiwa kwenye sinia ya pilau.

Mara ya kwanza alipojivua gamba kwangu lilitoka lote kwa kipande kimoja, kama soksi iliyogeuzwa ndani nje, nami sikuwa nimefanya lolote. Nikajiona mjuzi. Mara ya pili joto lilikuwa kali, nikalisogeza sanduku lake chini ya pangaboi na kumtandikia mchanga mkavu wa pwani, nikidhani namstarehesha. Macho yakaingia ukungu wa samawati na akakataa panya, mambo ya kawaida kabla ya gamba kutoka. Ukungu ukaondoka. Gamba likapasuka puani, likasogea kidogo, kisha likasimama. Siku mbili baadaye lilikuwa limemganda mwili mzima kwa vipande vipande, kavu, limejikunja pembeni.

Nilipolitazama niliona kitu ninachokijua. Hina ikikauka mkononi mwa bi harusi hupasuka na kujikunja vivyo hivyo, na sisi hatuitoi kwa maji. Tunaikwangua taratibu, tunapaka mafuta ya nazi, na bi harusi hagusi maji mpaka kesho yake, la sivyo rangi haikolei. Mama alinifundisha hilo kwa makofi. Basi nikasimama mlangoni nikamweleza hali ya chatu, na kwa kuwa sasa lilikuwa jambo la kazi, akasahau kwamba hamtaki. Mkono wake ukapenya kando ya pazia ukiwa na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe.

"Mpake," akasema. "Na hilo beseni lake la maji liondoe, asije akajirowesha."

Nikampaka kutoka kichwani hadi mkiani, siku tatu mfululizo. Beseni nikaliondoa, nikamwachia kikombe cha kunywea tu. Aling'aa vizuri sana. Gamba halikutoka hata kipande.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa, na afisa wa wanyamapori alikuja kukagua kabla kibali hakijakwisha. Ni kijana wa Matsangoni, wa adabu, mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama ukumbini.

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumchukua?"

Afisa akacheka, akaingia chumbani. Alimwinua chatu, akamnusa, akanitazama.

"Huyu anukia wali wa nazi," akasema.

Kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba gamba la nyoka linataka unyevu, na mafuta yangu yalikuwa yamelifunga juu ya ngozi mpya hata maji yakitaka kupita hayapiti. Akanionyesha ncha ya mkia, ambako gamba la zamani lilikuwa limebana kama pete na huenda likazuia damu. Kisha macho. Nyoka hana kope, akasema. Jicho lake limefunikwa na kigamba kimoja chembamba, nacho hutoka kila anapojivua. Cha chatu wangu hakikutoka, si jicho la kulia wala la kushoto. Cha zamani kikiachwa juu ya kipya, gamba baada ya gamba, mwisho atapofuka.

"Nitarudi Ijumaa ijayo," akasema. "Nikimkuta hivi, itabidi niondoke naye. Na kibali sitakiandika tena."

Niliona haya, haya ya mtu mzima aliyekosea mbele ya kijana. Halafu hasira ikaja, ikamwendea mama kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Nikamwambia ni mafuta yake. Akaniambia ni mkono wangu. Tukanuniana mpaka Jumapili, kila mtu akijipikia chai yake.

Lakini siku ileile nilizima pangaboi na kumwaga mchanga wote uani. Nikafuata maelekezo aliyoniachia afisa neno kwa neno, mimi ambaye sijawahi kufuata maelekezo ya mtu. Kwanza nilimwogesha kwa tone la sabuni ya mtoto mchanga kuondoa mafuta. Kisha kila asubuhi na kila alasiri nikamtia kwenye beseni la maji ya vuguvugu yasiyopita nusu ya unene wake, nikakaa kando nusu saa nikimchunga asizame wala asitoroke. Akitoka nilimwacha apite katikati ya taulo iliyolowa, nimeishika kwa kuilegeza, yeye ndiye avute, si mimi. Mtungi wa zamani uliovunjika shingo niliulaza sandukuni, nikaujaza makumbi ya nazi yaliyoloweshwa ili apate pa kulala penye unyevu, na pembeni nikamwekea jiwe la matumbawe la kujisugulia.

Jumamosi hakuna kilichotoka. Jumapili kilitoka kipande cha shingoni, kidogo tu, nikakianika dirishani kama cheti. Jumatatu aliingia kwenye taulo upande mmoja akiwa na mabaka, akatokea upande wa pili na mgongo mpya, mweusi na kahawia, safi kabisa. Nikapiga kigelegele peke yangu. Nyuma ya pazia nikasikia mtu akikohoa. Jumatano pete ya mkiani ikateleza yenyewe ndani ya maji, na ncha ilikuwa nzima.

Yakabaki macho. Alhamisi asubuhi nililowesha pamba, nikaiweka juu ya jicho, nikajaribu kusukuma ukingo wa kile kigamba. Chatu akarudisha kichwa. Nikajaribu tena, akakificha chini ya mwili wake. Niliogopa kutoa jicho pamoja na gamba, na niliogopa kesho. Nikakaa sakafuni nikalia, mwanamke wa miaka arubaini na saba, kwa ajili ya nyoka. Nilikuwa nampenda, na sijali nani anacheka.

Pazia likafunuliwa. Mama aliingia chumba kile kwa mara ya kwanza tangu chatu ahamie, akavuta kigoda, akaketi.

"Nipe," akasema.

"Mama, utamuogopa."

"Namuogopa tayari. Nipe. Wewe makucha yako marefu, utamtoboa."

Kucha za mama hukatwa mpaka kwenye nyama. Ndivyo alivyofanya kazi ya hina maisha yake yote. Nikamwekea chatu mapajani juu ya leso, nikamshika mwili. Mama akasema Bismillahi, akaweka pamba iliyolowa juu ya jicho la kulia. Alisubiri muda mrefu, na mimi nikitaka kusema kitu ananikata jicho. Kisha akaondoa pamba, na kwa nyama ya kidole, bila kukwangua, akaanza kuviringisha kutoka upande wa pua. Kigamba kikainuka. Kikaja chote, cha mviringo, chembamba kama utando wa kitunguu, na chini yake jicho likang'aa.

Nikataka aende kwenye la kushoto papo hapo. Alijaribu mara moja, akaacha.

"Hiki bado hakijalegea. Mrudishe kwenye maji. Tutakitoa baada ya alasiri."

Nilimsihi, akakataa, akaenda zake. Aliposwali alasiri alirudi na kigoda chake. Kigamba cha kushoto kilitoka kwa kuguswa tu. Safari hii vigelegele alipiga yeye, virefu, vya arusini, mpaka jirani akabisha mlango kuuliza nani anaolewa. Nikamwambia hakuna, ni chatu amejivua gamba. Jirani alirudi kwake bila kuaga. Jioni hiyo chatu alimla panya wa kwanza baada ya wiki tano.

Ijumaa afisa alikuja baada ya swala. Alimulika tochi kwenye macho, moja, la pili, akarudia la kwanza. Akaupitisha mkia kati ya vidole vyake.

"Hata kazini kwetu kuna wanaoshindwa na hili," akasema. "Haya ya macho aliyatoa nani?"

Nikamwelekeza kwa mama. Afisa akamwangalia kwa heshima mpya, akaketi, akatoa fomu ya kibali na kuanza kujaza. Mama alisimama nyuma ya bega lake, miwani puani, akifuata kalamu.

"Hapo kwenye mwenye nyoka umeandika nani?"

"Bintiyo, mama."

"Niongeze na mimi."

"Mama, nafasi ni ya mtu mmoja tu."

"Basi niandike pembeni."

Afisa akanitazama. Mimi nikatazama dari. Akaigeuza karatasi upande, akamuuliza mama jina lake kamili, akaliandika.