Maji Safi kwa Mgeni

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Guangzhou nikisomea mambo ya maji, na kazi niliyopewa ilikuwa kutafuta uchafu. Nilirudi kila mwezi mikono mitupu, na kila mwezi nilizidi kukasirika.

Pazhou wakati ule ilikuwa bado mashamba ya mboga. Kumbi kubwa za maonyesho wanazoziendea wafanyabiashara wetu siku hizi zilikuwa hazijaota. Kando ya mashamba palikuwa na kiwanda cha kutia vitambaa rangi, na maji yake machafu yalitulizwa kwenye mabwawa kabla ya kuachiwa mtoni. Ili kujua kama mabwawa yanavuja, vilichimbwa visima vyembamba kuyazunguka: mabomba tu yaliyozamishwa ardhini, yakafunikwa kwa chuma. Nilikuwa nachota humo maji, nayajaza kwenye chupa, nayapeleka maabara. Majibu yalikuwa yaleyale. Safi.

Ningemshukuru Mungu, kama si ayi. Ayi ni kama kusema mama mdogo, na ndivyo tulivyomwita mama mmoja aliyekuwa akitengeneza tofu nyuma ya ukuta wa kiwanda. Alikuwa na kisima chake uani, na soya zake alizilowesha kwa maji ya kisima kile, kwa sababu eti maji ya bomba yanaua utamu. Mimi nilikuwa mteja wake, tena mteja mlafi. Lakini ukikiinamia kisima chake ulisikia harufu ya kanga mpya ambayo haijaingia majini hata mara moja. Nilipoyapima maji yake kwa kile kidude changu cha kupimia chumvi, mshale uliruka. Visima vyangu, vilivyokaa karibu na bwawa kuliko cha kwake, vilisoma sawasawa na bomba la bwenini kwetu.

Nilimwambia asiyatumie. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto.

"Nayachemsha," akasema.

Watu wa mji ule huchemsha maji yote, na wanaamini kabisa kwamba yakishachemka yameshatakata. Nikamweleza kwamba moto unaua vijidudu, lakini chumvi na rangi za kiwandani zinabaki palepale chunguni. Akaniuliza kama si mimi ninayepima kule kwenye mabwawa. Nikakubali.

"Basi shifu ameniambia umepima, ukakuta ni safi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Vipimo vyangu mwenyewe ndivyo vilivyokuwa vikimlisha yule mama maji yale.

Shifu, yaani fundi, lilikuwa jina la heshima la mzee aliyetunza mabwawa. Alikuwa mtu mpole, na hakuna siku niliyofika nisikute ua umefagiwa na chai imeshamiminwa. Siku moja nilipata lifti ya gari la mboga, nikafika mapema kuliko kawaida. Nikamkuta amechuchumaa kwenye kisima changu, kifuniko kando, mpira wa bomba umeingizwa ndani na maji safi yanatiririka humo kwa raha zake. Mipira mingine ilikuwa imeshalala kwenye visima vingine tangu jana yake.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Naviosha," akasema. "Mgeni anakuja kuangalia maji. Nimwoneshe machafu?"

Hasira ilinipanda, kisha ikakosa pa kukaa. Hata kwetu mgeni akibisha hodi hutolewa vikombe vya kabatini vikasuuzwa, na hakuna anayeita hilo udanganyifu. Nilimwomba asivioshe tena. Akasema sawa, kwa namna ya mtu anayekubali maneno ya mgeni aliyechoka na safari.

Wiki iliyofuata nilikwenda bila kumwambia mtu. Maji yalitoka na wekundu wa mbali na harufu ileile ya kisima cha ayi. Nilizikumbatia zile chupa ndani ya basi njia nzima. Profesa wangu alizitazama, akatingisha kichwa. Utaratibu unataka kiwanda kipewe taarifa kabla ya kila ziara, na sampuli isiyo na taarifa haihesabiwi. Nenda tena, akasema, safari hii wapewe taarifa mapema. Nilimweleza habari za mipira. Akasema basi niwaombe wasifanye hivyo. Nikazichukua chupa zangu, nikatoka.

Ijumaa ile nilikula na kaka mmoja wa Unguja, mnunuzi wa nguo za jumla kule Shahe, nikammwagia yote.

"Dada, wewe unahangaika na wafagiaji," akasema. "Hapa kila kitu laoban. Nenda kwa laoban mwenyewe, kaa, kunywa chai yake, usianze na shida. Akishakumiminia mara ya tatu ndiyo useme. Akikwambia mei wenti, biashara imekwisha."

Laoban ni bosi mwenye mali, na mei wenti ni hakuna tatizo. Nilikwenda. Bosi wa kiwanda alinipokea vizuri mno, akanimiminia vikombe vidogo vya chai mpaka tumbo likajaa. Nikamweleza kuhusu ayi: kisima chake kina harufu, maji yake yana chumvi nyingi, anapikia watu chakula. Alisikiliza kwa makini. Akasikitika, na nina hakika alisikitika kweli.

"Mei wenti," akasema. "Nitashughulikia kesho hiyohiyo."

Nililala kama mtoto. Keshokutwa yake nikaenda Pazhou kununua tofu na kusikia habari njema.

Nilimkuta shifu uani kwa ayi, suruali imekunjwa hadi magotini. Mpira wa bomba ulikuwa umepitishwa juu ya ukuta wa kiwanda ukaingia kisimani. Bosi ndiye aliyemtuma. Alinyooka aliponiona, akatabasamu, akasema sasa na hiki kimeoshwa, tena vizuri kuliko vile vyangu.

Ayi alichota maji kwa kata, akanusa, akanisogezea puani. Yalinukia dawa ya bomba.

"Umenisaidia sana," akaniambia. Akamshukuru shifu pia, akamwomba achomoe mpira wake, maana kisima kimeshatakata. Kisha akavuta beseni la soya, akaanza kuzilowesha za kesho.