Maji Ndani ya Mashua ya Salim

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya mashua, Kilifi, fundi mkuu aliniamuru nifumbe macho na kupitisha kiganja ubavuni mwa chombo kilichokwisha kupigwa randa.

"Waona nini?"

"Sioni kitu, fundi."

"Ndivyo nitakavyo. Macho hudanganywa na rangi. Papasa!"

Nikapapasa, nikakuta kinundu. Nilikipiga randa hadi jioni.

Hapo ndipo nilipojifunza kalafati, yaani kushindilia pamba iliyolowa mafuta katika maungio ya mbao, na deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa upakwao chini ya chombo. Baadaye nilihamishiwa Malindi. Msimamizi wa huko, mtu asiyecheka, hakuruhusu chombo kishuke baharini kabla ya kujazwa maji kikiwa nchi kavu. Maji yakipata pa kutokea, baharini yatapata pa kuingilia. "Usiniambie hakivuji," alizoea kusema. "Nionyeshe."

Mwaka huu mkwe wangu Salim alijijengea mashua uani kwake, Takaungu. Aliniita ikiwa imeshapakwa rangi, siku moja kabla ya kushushwa. Abiria wa kwanza angekuwa mkewe, binti yangu Mwanaidi, asiyejua kuogelea.

"Shikamoo, baba. Itazame! Mtaa mzima wameisifu."

"Marahaba. Mtaa mzima watapanda?"

"La, baba."

"Atapanda binti yangu. Maungio umeyatia pamba?"

"Nimeyaziba kwa gundi ya kisasa tu. Nimesikia yatosha."

Amesikia! Nilipapasa ubavu, ulikuwa laini. Lakini kiganja changu kimeota sugu kwa miaka ya nyundo, na siku hizi sikiamini. Nikaagiza ndoo.

Jirani akachungulia ukutani. "Mzee, wenzio huyatoa maji chomboni, wewe wayatia!"

Tulijaza, tukangoja, nami nikiomba moyoni niwe nimekosea. Karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, rangi ikavimba kama lengelenge, ikapasuka, maji yakachuruzika mchangani.

"Kumbe kesho ningefunzwa kuogelea kwa lazima," alisema Mwanaidi, aliyesimama mlangoni. Salim aliinamisha kichwa.

Safari iliahirishwa. Salim alikwangua gundi yote, tukashindilia pamba, tukalainisha upya, tukapaka deheni. Tulipojaza tena, mchanga ulibaki mkavu.

Nimestaafu kazi, wasiwasi wake haukustaafu nami. Wajengao vyombo majumbani huuita ukale. Mimi nauhesabu kuwa sehemu ya ufundi, kama randa na nyundo.

Siku ya kushusha nilipanda nao.

"Baba, mbona wavua viatu?" Salim aliuliza.

Niliweka nyayo tupu pale palipovuja, nisiziondoe mpaka tulipofika ng'ambo. Zilikuwa kavu. Tulipogeuza kurudi, nikaziweka palepale.